Daftari la Pili la Mama

"Umemwekea nini mama kwenye chai?"

Kaka yangu aliniuliza hivyo katikati ya korido ya hospitali, watu wamejaa kwenye mabenchi, sauti juu kama yuko mnadani.

Mama alikuwa nyuma ya pazia, ametundikiwa dripu. Nilikuwa nimemkuta sakafuni jikoni, anatetemeka, jasho limelowesha gauni lote, ananiita kwa jina la dada yake.

Jamani, mimi nikikanyagwa mguu ndiye ninayesema samahani. Mnaonifuatilia hapa mnajua, hata komenti zenu najibu kwa emoji ya kopa tu.

"Huyu ndiye anayempikia," kaka akawatangazia watu. "Ndiye anayempa dawa. Msomi wetu huyo."

"Kaka, ni sukari imeshuka. Daktari kasema..."

"Imeshukaje? Miaka saba anameza dawa ya kisukari, haijawahi kumwangusha."

Na hapo alisema kweli. Ndiyo maana iliuma.

Kila asubuhi nilimpa vile vidonge kwa mkono wangu huu huu. Wiki zile mama alikuwa akidonoa chakula, anasukuma sahani. Nikadhani ni msiba wa baba bado haujamtoka.

Daktari akafungua pazia. "Kuna dawa nyingine anatumia, mbali na hii ya sukari?"

"Hakuna," kaka akajibu.

Haraka. Haraka mno...

Nikashika mkoba wa mama. Daftari la bluu la kliniki ya sukari lilikuwa juu, lile ninalolijua. Chini kabisa, limeviringishwa ndani ya kitambaa cha kichwa, kulikuwa na daftari la kijani na pakiti ya vidonge.

Kliniki ya afya ya akili. Dawa ya sonona. Alianza wiki tatu zilizopita.

Kwenye jalada, kwa kalamu nyekundu: MAMA, HILI USIWAONYESHE KULE KWENYE SUKARI.

Mwandiko ule naujua. Ndio ulionifundisha kuandika nikiwa na miaka mitano, kaka amenishika vidole.

Nikampa daktari daftari. Kisha nikamgeukia kaka.

"Ulijua."

"Punguza sauti."

"Ulijua, ukasimama hapa kuniita muuaji."

"Unajua nesi wa kliniki ya sukari ni nani? Mama wa mchumba wangu. Angeliona hilo daftari, wangesema kwetu kuna wehu. Posa yangu ingeishia hapo."

Mama yetu kalala na sindano mkononi, na huyu anawaza posa.

Daktari alikuwa amemaliza kusoma. "Dawa hizi mbili watu wengi wanazitumia pamoja, bila shida," alisema. "Ila hii ya sonona aliyopewa inaweza kushusha sukari kidogo. Na hii ya kisukari kazi yake ni kushusha. Ongeza na kutokula. Tungejua, tungeangalia upya kipimo cha dawa yake ya sukari, na angejipima mara nyingi zaidi wiki za mwanzo."

"Basi hiyo ya wazimu itupwe," kaka akasema.

"Haitupwi. Kuikatisha ghafla nako kuna madhara yake. Nitaongea na mwenzangu aliyeiandika."

Ikatoka sauti kitandani, nyembamba kama uzi.

"Msinitupie dawa yangu. Juzi niliosha vyombo nikajikuta naimba."

Nikalia hapo hapo, mbele ya watu wote.

Sikuona saa ngapi yule nesi, mama wa mchumba, alifika. Alikuwa amepata habari, akashuka kutoka kliniki na sare yake. Kaka alipomwona, alijaribu kulifunika kwa kiganja daftari la kijani, pale mezani kwa daktari.

"Toa mkono, baba," nesi akamwambia taratibu. "Nimeshasikia."

"Mama, si hivyo unavyofikiri..."

"Mimi nina sukari. Na kidonge cha sonona nameza mwaka wa nne sasa. Anayenikumbusha kila asubuhi ni huyo huyo mchumba wako."

Kaka akakaa kwenye benchi bila kuangalia kama kuna mtu. Alimkalia mzee mmoja magoti.

Nesi akaomba stepla mezani kwa daktari. Akaweka daftari la kijani juu ya la bluu, akayabana pamoja. Pini tatu.

"Mgonjwa mmoja, daftari moja," alisema.

Sasa wewe unayesoma huku umeficha pakiti chini ya nguo kabatini: iseme. Mwambie daktari wa sukari unachopewa kwa daktari wa sonona, na wa sonona unachopewa kwa sukari. Usiache dawa wala kupunguza kwa uamuzi wako. Ukitetemeka, ukitoka jasho la ajabu, pima, na kama bado unaweza kumeza, kunywa kitu chenye sukari, kisha nenda hospitali. Na wewe ndugu mwenye kalamu nyekundu, aibu yako ibebe mwenyewe. Usimtwike mgonjwa.

Mama yuko nyumbani. Anakula. Leo ameimba wimbo mzima, amekosea beti mbili.

Kaka amekuja mara tatu. Ananunua matunda, anakaa, anaangalia miguu yangu.

Zamani ningeshamwambia samahani, ili tu yaishe.

Safari hii nimenyamaza. Nasubiri aseme yeye.