Miche ya Mong'ina Yazoea Jua

Kila asubuhi Mong'ina wa Ikonge alimfunga mtoto wake Linda mgongoni, kisha akaenda kuangalia miche yake ya chai. Miche mia nne ilikaa chini ya karatasi ya nailoni. Shamba lilikuwa limeshalimwa. Miche ingekufa, shamba lingekaa tupu mwaka mzima.

"Zimebaki wiki sita mvua ianze," alisema mumewe, Anyona. "Miche ianze kuzoea jua."

Basi Ijumaa, kabla jua halijazama, Mong'ina aliondoa karatasi yote mara moja. Hakutaka kushika kazi siku ya Sabato.

Kesho yake, Jumamosi ya Sabato, walirudi kutoka kanisani saa nane mchana. Jua lilikuwa kali. Miche yote ilikuwa imeinama, majani yakining'inia kama matambara. Mong'ina alikimbia kwa jirani yake Celestine, mfanyakazi wa kitalu cha chai.

"Dada, njoo! Miche imekufa!"

Celestine alikuja, akabonyeza jani. "Haijafa, imezimia. Nani ameivua nguo hivi?"

"Ni mimi."

"Haki, mama Linda! Mtoto umtoe kwa blanketi, umwanike juani?"

Mong'ina alicheka huku machozi yakimlengalenga.

"Jani lina vyumba vidogo sana, havionekani kwa macho," Celestine alieleza. "Vinaitwa seli. Vikijaa maji, kuta zake hukaza kama tairi yenye upepo. Ndani mna majiko madogo yanayochoma chakula ili kutoa nguvu. Jua likija ghafla, maji hutoka, kuta hulegea, majiko nayo hulemewa. Likija polepole, mche hupata nafasi ya kujiimarisha."

"Sasa nifanye nini?"

"Rudisha karatasi. Nyunyiza maji."

"Leo? Sabato?"

"Kwani kumpa mgonjwa maji ni kazi?"

Anyona alikuwa wa kwanza kushika ndoo, bado amevaa suti ya kanisani.

Jumatatu miche iliinua vichwa, isipokuwa tisa. Wiki iliyofuata Mong'ina alifunua upande mmoja, asubuhi tu. Kisha nusu siku. Wiki ya tano aliondoa karatasi kabisa.

Siku hiyo jua liliwaka kweli kweli. Saa nane alitoka nje. Alibonyeza jani. Lilikuwa gumu. Alipoliachilia, liliruka likasimama.

"Anyona!" aliita. "Chimba mashimo!"

"Mangapi?"

"Mia tatu tisini na moja!"