Usiku wa Kuiona Nebula Kinole

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Shadya alifagia uwanja, kisha akamsaidia mama yake kubeba ndizi hadi barabarani, ambako gari la mizigo lilizichukua kuzipeleka Morogoro mjini. Alikuwa darasa la sita katika shule ya msingi kijijini Kinole, na wenzake walikuwa wamemchagua kuwa mwenyekiti wa klabu ya sayansi.

Mwezi wa Januari, Mwalimu Gabrieli, mlezi wa klabu hiyo, alikuja na darubini aliyoazima kwa rafiki yake anayetembeza watalii.

"Kwa darubini hii tutaiona nebula iliyo katika kundi la nyota la Orioni," aliwaambia. "Nebula ni wingu kubwa la gesi na vumbi, mbali sana angani. Ndani ya wingu hilo nyota mpya huzaliwa. Shadya, panga siku, tuwaalike na wazazi. Masika yakianza anga litafunga, na darubini itarudi kwa mwenyewe."

Shadya hakufikiri sana. Alichagua Ijumaa, kwa kuwa kesho yake hakukuwa na masomo.

Jioni hiyo wazazi walijaa uwanjani. Lakini mwezi mpevu ulichomoza kutoka upande wa tambarare, ukang'aa hata watu wakaona vivuli vyao. Kila aliyeshika darubini aliona weupe mtupu.

"Kumbe tumeitwa kuangalia mwezi," alisema Abdi, mwanafunzi mwenzake. "Mwezi hata kwetu upo."

Watu walicheka. Shadya alitamani ardhi ipasuke.

Nyumbani alikaa jikoni bila kugusa chakula. Mama yake alimsogelea.

"Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi, mwanangu. Ulijiuliza nini kabla ya kuchagua siku?"

"Nilijiuliza kama kesho yake kuna shule."

"Basi uliuliza habari za watu. Habari za mbingu hukuziuliza."

Jumatatu Shadya alimfuata mwalimu ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Shadya."

"Naomba nipange tena."

Mwalimu Gabrieli alimtazama kidogo. "Sawa. Ila safari hii usiniletee siku tu. Niletee na sababu."

Kwanza Shadya alimwendea Abdi. Hakupenda kufanya hivyo, lakini kwao Abdi kulikuwa juu mlimani, na kutoka kule mawingu yalionekana vizuri zaidi. "Ulinicheka," alimwambia, "sasa nisaidie." Abdi aliona haya, akakubali.

Tangu hapo kila mmoja alitazama anga jioni, na asubuhi walielezana walichokiona. Waligundua kwamba mwezi ulizidi kuchelewa kuchomoza siku hadi siku, mpaka ukafika wakati ambapo mapema usiku haukuonekana kabisa. Nyota tatu za Orioni zilizopangana mstari zilifika juu kabisa kuanzia saa mbili usiku. Tena, mvua ikinyesha alasiri, mara nyingi ukungu ulishuka bondeni baada ya giza kuingia na kuiacha milima na anga wazi. Mwalimu aliwasikiliza, akaridhika, na siku ikatangazwa.

Alasiri ya siku hiyo mvua kubwa ilinyesha. Mwalimu Modesta, mwalimu mkuu, aliwaita.

"Niwatumie wazazi ujumbe wabaki majumbani?"

Shadya alijua hatari yake. Akikosea tena, hakuna ambaye angemwamini. Alimtazama Abdi, naye Abdi akatikisa kichwa polepole kukataa.

"Hapana, mwalimu," alisema Shadya. "Waje. Na tunaomba taa zote za shule zizimwe, na kila mtu aje na mkeka."

Watu walifika wakinung'unika, maana ukungu ulikuwa bado umetanda. Walilala chali kwenye mikeka ili mikono isitetemeke wakishika darubini. Walisubiri. Kisha upepo ulivuma kutoka milimani, ukungu ukateremka bondeni, na anga lote likafunguka, limejaa nyota.

Bibi yake Abdi, Bi Asha, ndiye aliyepewa darubini kwanza. Shadya alimwelekeza chini ya zile nyota tatu.

"Naona kama moshi wa kuni," alisema bibi taratibu, "na ndani yake vinyota vinametameta."

"Ndiyo yenyewe, bibi. Ndipo nyota zinapozaliwa."

Uwanja mzima ulipiga makofi. Darubini ilipita mkono hadi mkono, na hata waliokwisha kuangalia walirudi kwenye foleni. Abdi alimwambia kila aliyemkaribia kwamba siku ile aliichagua Shadya, na Shadya akaongeza kwamba mawingu aliyachunguza Abdi.

Mwishoni Mwalimu Modesta alisimama.

"Mara ya kwanza watoto hawa walikuwa na darubini na hamu," alisema. "Leo walikuwa na vyote viwili, na maandalizi juu yake. Nebula ilikuwepo siku zote mbili, wanangu. Anayetaka kuona kilicho mbali, kwanza achunguze kinachomzuia."

Shadya alicheka, akapokea darubini, na kwa mara ya kwanza usiku ule akajilaza mwenyewe kuitazama.