Mtoto Wetu Tumemwachisha

"Shoga, mimi sisemi, lakini mwanao ana mtoto huko anakosoma."

Aliyeniambia ni jirani yangu, tunamwita Redio, siku aliyokuja kuchukua sketi niliyompunguzia kiuno. Mguu wangu ukaganda kwenye cherehani.

"Mtoto wa nani? Mwanangu hajaolewa."

"Ndiyo nakwambia hivyo. Mdogo wangu alikwenda hospitali ile kumwona mgonjwa. Kampita mwanao koridoni na daktari mwanamume. Kamsikia kwa masikio yake, 'Mtoto wetu leo kala?' Na yule mwanamume akajibu, 'Kala, na macho yake yanakutafuta wewe.'"

"Redio, usinitanie."

"Mimi napita tu. Sketi imenikaa, ahsante."

Akaondoka na sketi yake, akaniachia jiwe kifuani.

Mwanangu ni daktari. Alikuwa ameshahitimu, ameshaajiriwa, akarudi tena shule kusomea ubingwa wa juu wa mapafu na wagonjwa mahututi, wale wanaopumuliwa na mashine. Miaka mitatu. Mchumba wake ni fundi wa majokofu, watu wanamwita Barafu. Alikuwa amekubali kumsubiri. Alipenda kunitania, "Mama, huyu mwanao atasoma mpaka walimu wake wastaafu."

Wiki ile ile mwanangu akaja nyumbani kupumzika siku mbili. Kakonda, macho mekundu.

"Mama, nikilala usiniamshe hata nyumba ikiungua."

"Kula kwanza."

"Nitakula nikifufuka."

Akalala mchana kutwa. Simu yake ilikuwa juu ya meza. Ikalia, kioo kikawaka, na mimi nilikuwa karibu. Jina lilikuwa "Mwenzangu wa Zamu". Ujumbe huu hapa, sijasahau hata nukta:

"Mtoto wetu leo tumemwachisha. Kahangaika kidogo, sasa katulia. Ukirudi utamkuta mpya."

Mimi nimewaachisha ziwa watoto wanne. Nani wa kunifundisha neno hilo?

Ningemwamsha nikamwuliza, yangeisha palepale. Sikumwamsha. Niliogopa jibu. Kesho yake alfajiri akanikumbatia, akarudi masomoni, nami nikamwambia safari njema kama mtu asiyejua kitu.

Barafu alikuja siku ya tatu kuliangalia jokofu langu.

"Mama, hili halina ugonjwa. Limechoka kufunguliwafunguliwa."

"Liache hilo, mwanangu. Kaa chini."

"Kuna msiba?"

"Afadhali msiba. Mwenzio ana mtoto."

Akacheka. "Mama, yeye hana nafasi ya kula, atapata wapi nafasi ya kuzaa?"

"Anaye. Ameshaachishwa ziwa. Ujumbe wa baba yake nimeusoma kwa macho haya."

Nikamsomea kutoka kichwani neno kwa neno. Kicheko kikamwishia mdomoni.

"Umemwuliza?"

Hapo ndipo nilipoharibu, wenzangu. Nilimjibu, "Mimi ni mama yake. Niulize nini nisichokijua?"

Akainama akaanza kukusanya bisibisi zake moja moja.

"Nimekwambia wewe kwanza," nikasema, "ili umsamehe kabla mtaa haujakucheka. Mtoto hana kosa, nitamlea mimi. Ila niahidi, usimwambie nimekwambia mimi. Atanichukia."

"Nimeahidi, mama."

Mimi nilidhani atasamehe. Yeye alikuwa ameshaumia, na ahadi aliyonipa ilikuwa imeshamfunga mdomo. Siku ya pili simu yangu ikaita.

"Mama!" Mwanangu alikuwa analia mpaka maneno yanakatika. "Barafu kaniacha."

"Kakuachaje?"

"Kaniandikia, 'Nakutakia maisha mema, usinitafute tena.' Basi. Napiga, hapokei. Mama, nimekosa nini?"

"Wanaume ndivyo walivyo, mwanangu."

"Yeye hayuko hivyo. Wewe hujasikia kitu huko?"

"Nisikie nini mimi?"

Nilisema hivyo. Mdomo huuhuu.

Wiki mbili zilizofuata sikuona ladha ya chakula. Nikawaza, mchumba keshapotea, basi angalau mjukuu nimwone. Nikashona nguo ndogo tatu na kikofia. Sikujua ni wa kike au wa kiume, nikashona vya manjano. Nikapanda gari bila kumwambia mtu.

Mlangoni mwa wodi ya mahututi nikapokewa na daktari mwenye miwani. Akanitazama mara moja tu.

"Sura hiyo haihitaji kitambulisho. Wewe ni mama yake mwenzangu! Karibu, mama. Mimi ndiye ninayeshika naye zamu."

Nikamsogelea, nikanong'ona. "Baba, mimi sikuja kugombana. Nimekuja kumwona mtoto wenu."

"Mtoto wetu?" Uso ukamchanua. "Kumbe anakusimulia! Njoo, una bahati, leo katoka kitandani."

Akanipeleka kwenye dirisha la kioo. Nikatafuta kitanda kidogo, sikukiona. Nilichokiona ni mzee ameketi kwenye kiti, ndevu nyeupe mpaka kifuani, bandeji shingoni, anajilisha uji kwa mkono unaotetemeka.

"Huyo hapo," akasema kwa fahari. "Dereva wa treni mstaafu, miaka sabini na moja. Kakaa kwenye mashine siku arobaini na tatu."

"Na... kuachishwa?"

"Kuachishwa mashine, mama. Haitolewi ghafla. Leo unamwacha apumue mwenyewe nusu saa, kesho saa moja. Akihangaika, unamrudishia. Ni kama ziwa. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hii tunamwita mtoto wetu. Neno hilo katuletea mwanao."

"Kalitoa wapi?"

"Kwako. Anasema alikuwa mdogo, akakuona unamwachisha mdogo wake bila kumpigia kelele hata siku moja. Kila mgonjwa akitushinda anatuambia, 'Tufanye kama mama.'"

Nikakaa sakafuni, mfuko wa nguo mapajani.

"Mama?" Mwanangu alikuwa amesimama nyuma yetu. "Nani anaumwa nyumbani?"

"Hakuna anayeumwa."

Akachukua mfuko, akatoa kile kikofia cha manjano, akakigeuza.

"Cha nani?"

Nikamweleza yote. Redio, ujumbe, jokofu, ahadi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akakirudisha kikofia mfukoni taratibu.

"Kwa hiyo siku ile nalia kwenye simu, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akanawa mikono, akaingia wodini.

Nikampigia Barafu nikamwambia nimemdanganya. Akafika kesho yake kabla ya saa sita, shati limekunjamana kwa safari. Tulikaa watatu kwenye benchi nje ya maabara.

"Nisamehe," Barafu akasema. "Niliaminishwa."

"Sawa, uliaminishwa. Uliniuliza?"

"Nilimwahidi mama nisiseme."

"Na mimi uliniahidi nini?"



"Mwanangu," nikaingilia, "kosa ni langu, usimwadhibu yeye."

"Mama, tafadhali." Akamgeukia tena. "Kila asubuhi naingia kwa watu wasioweza kusema, wana mpira wa mashine kooni. Namwinamia kila mmoja namwambia, kama unanisikia nifinye mkono. Halafu nasubiri. Wengine nawasubiri siku nyingi. Mimi nina mdomo, nina simu, nilikupigia mara kumi na saba. Hukupokea hata moja, hata ya kunitukana."

"Nitasubiri sasa. Maliza masomo, nitasubiri hata miaka kumi."

"Usinisubiri."

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda." Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. "Lakini siku nitakayochelewa zamu, au nitakayocheka na mwenzangu kwenye simu, nitakuwa natazama uso wako kujua umeambiwa nini. Siwezi kuishi hivyo na kazi hii."

Muuguzi akachungulia mlangoni. "Daktari, kitanda cha pili."

Akainuka. Barafu akamshika mkono, akauachia mwenyewe.

Hawakuoana. Barafu amehamia mji mwingine. Mwanangu hajanitukana wala hajanikataa. Ananiandikia kila Jumapili, "Mama, mimi mzima. Nina zamu." Nikimpigia, simu inaita mpaka inakata.

Mama mwenzangu, yaepuke haya:

Kusoma simu ya mwanao. Na kama jicho limeshaangukia, kunyamaza.

Kusema "mimi ni mama yake, najua."

Kumpelekea mchumba wake neno ambalo mwanao mwenyewe hajalisikia.

Kumwapisha mtu asikutaje.

Kutafsiri maneno ya kazi ya watu kwa kazi yako wewe.

Kumpoza anayelia wakati wewe ndiye uliyemliza. Mwambie siku hiyohiyo, angali anakupigia.