Jicho la Charmaine

Jumamosi ile ukumbi wa kanisa, upande wa mashariki mwa Detroit, ulikuwa umefurika. Foleni ilianzia kwenye meza za mawakili ikatoka hadi nje kwenye theluji, na kila aliyesimama alikuwa na hukumu ya zamani aliyotaka ifutwe kwenye kumbukumbu za mahakama. Mawakili walikuwa wa kujitolea. Hawakutoza chochote.

Renita Tolbert alikuwa katikati ya foleni, koti la zambarau limefunika sare yake ya kazi, hereni kubwa za duara zikichezacheza kila alipochungulia mbele. Akamwona jamaa mrefu aliyevaa sweta lenye kofia akiwapenya watu, kahawa mkononi. Akamdaka mkono.

"Kaka, foleni inaanzia kule mlangoni."

"Samahani, dada. Mimi ni wakili."

"Na mimi ni gavana. Hebu rudi nyuma."

Watu wakaangua kicheko. Jamaa naye akacheka, akarudi kweli, akasimama nyuma ya mzee mmoja mwenye mkongojo. Hapo ndipo mama wa makamo mwenye suti ya kijivu alipopaza sauti kutoka mbele: "Lavelle! Unafanya nini huko, na watu wanakusubiri?"

Renita akatamani ardhi ipasuke immeze. Na kwa bahati yake, zamu yake ilipofika, meza iliyokuwa wazi ilikuwa hiyohiyo ya Lavelle Pruitt.

"Karibu, Mheshimiwa Gavana," akasema Lavelle. Kisha akaacha utani. "Ulishtakiwa kwa kosa gani?"

Renita akatazama mikono yake. "Kumpiga mtu. Nilikuwa na miaka ishirini. Tulikuwa kwenye ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Nilimpiga msichana usoni kwa kiatu changu. Akapoteza jicho."

"Kisa?"

"Mwanaume. Hata jina la ukoo wake silikumbuki tena. La yule msichana nalikumbuka. Charmaine Beasley."

Alisema alifungwa, akatoka, na sasa anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, lakini kwa hukumu ile asingepewa leseni. Hakulia wala hakujitetea. Lavelle alikuwa amesikiliza visa vingi kwenye meza kama ile, na mara nyingi kosa lilikuwa la mtu mwingine. Huyu alilishika lake kwa mikono miwili.

Jumatatu simu ya Renita ikaita.

"Ni mimi, Lavelle. Kuanzia leo si wakili wako. Jalada lako nimemkabidhi Bi Stoudemire, yule aliyenifokea."

"Nimekukosea nini tena?"

"Hujanikosea. Nataka kukualika chakula cha jioni, na maadili ya kazi yetu hayaniruhusu kama wewe ni mteja wangu."

Renita akacheka mpaka mgonjwa aliyekuwa akimlisha akageuka kumtazama. "Yaani umefukuza mteja ili upate mchumba?"

"Nimehamisha. Sijafukuza."

"Basi mimi nakula sana, nakuonya."

Mapenzi yakashika kasi. Wakatembea kando ya mto upepo ukiwachapa nyuso, wakala soseji zilizomwagiwa nyama na vitunguu kwenye vibanda vya katikati ya jiji, wakabishana ni kibanda kipi bora. Kila siku Renita alipotoka kazini simu iliita. "Gavana wangu, umekula?" "Bado, mpenzi. Nangoja uniletee." Sehemu moja tu Renita alikataa kupelekwa, nayo ni ukumbi wa kuteleza. Lavelle hakumlazimisha.

Majira ya kuchipua yalipoingia, akampeleka kwa mama yake baada ya ibada ya Jumapili. Mama Ernestine alikuwa bado amevaa kofia yake ya manyoya ya rangi ya machungwa, na meza ilikuwa imesheheni: kuku wa kukaanga, makaroni na jibini, mboga za majani zilizopikwa na nyama ya bata mzinga, pai ya viazi vitamu. Renita alivaa gauni la kijani lenye mikono mirefu.

"Haya, mlikutana wapi nyinyi?" Mama Ernestine akauliza akimpakulia.

Renita akafungua mdomo. Lavelle akamwahi.

"Kanisani, mama. Kule kwenye kujitolea. Renita naye anajitolea."

"Bwana asifiwe! Mimi niliogopa ataniletea mmoja wa wale wahalifu anaowahurumia." Mama akacheka. "Kula, mwanangu, mbona umeacha uma?"

Renita akala. Akatabasamu, akaosha vyombo, akambusu mama shavuni. Garini ndipo alipogeuka.

"Hakimu bado hajanifutia. Wewe umeshanifutia."

"Renita, nilikuwa nakulinda."

"Nani alikuomba? Kila Jumamosi unawaambia watu wasione aibu. Ukifika mezani kwa mama yako unameza ulimi! Na alivyosema vile, ulinyamaza."

"Sikutaka kuharibu chakula cha watu."

"Simamisha gari."

"Mpenzi, subiri kwanza..."

"Lavelle, simamisha gari."

Akashuka, akapanda basi. Tangu hapo simu ikawa inaita bila kupokelewa.

Lavelle akavumilia wiki nzima, kisha akarudi kwa mama yake. "Nilikudanganya. Renita alikuja kwenye meza yangu kutafuta msaada. Alifanya nini, ni lake kulisema."

Mama Ernestine akakaa kitako. "Kwa hiyo nilimtukana mgeni wangu nyumbani kwangu, na wewe ukanitazama tu?"

"Ndiyo, mama."

"Nimezaa mtoto gani mimi? Siku ya kesi yake nitaendesha gari mwenyewe nikamwombe radhi."

Siku mbili kabla ya kesi, Renita akapokea simu ya Lavelle. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Bi Stoudemire kaniambia Charmaine anakuja. Ana haki ya kupinga. Akipinga, huenda hakimu akakataa, na uuguzi niusahau."

"Naomba nije."

"Njoo. Lakini usinisemee. Hata neno moja."

Mahakamani Renita alikaa kando ya Bi Stoudemire, suti nyeusi, nywele zimebanwa nyuma, bila hereni. Lavelle alikaa benchi la mwisho. Mlango ukafunguliwa akaingia mwanamke aliyevaa gauni la njano. Hakuvaa miwani ya giza. Jicho moja lilikuwa la bandia, halikusogea lenzake liliposogea.

Hakimu akampa Charmaine nafasi.

"Niliposikia anataka kufutiwa nilicheka," Charmaine akasema. "Nikasema, mimi nitafutiwa na nani? Binti yangu akisimama upande huu wangu simwoni. Na miaka yote huyu hajawahi kuniambia neno."

Bi Stoudemire alitaka kusimama. Renita akamshika mkono, akasimama yeye.

"Mheshimiwa, naomba niongee naye."

Hakimu akaitikia kwa kichwa.

"Wakati ule mahakama iliniamuru nisikusogelee," Renita akasema. "Nilipoachiliwa ningeweza kuomba njia ya kukufikia. Sikuomba. Niliogopa. Wewe hukunikosea chochote, Charmaine. Nilikuwa na hasira nikakuharibia jicho. Naomba radhi. Hata ukipinga, bado naomba radhi."

Lavelle aling'ang'ania benchi la mbele yake kwa vidole vyote.

"Bi Beasley," hakimu akauliza, "unapinga ombi hili?"

Charmaine alimtazama Renita, kisha akamgeukia hakimu.

"Sijamsamehe. Watu wajue hilo. Nilikuja kuona kama anaishi kana kwamba halikutokea." Akavuta pumzi. "Naona haishi hivyo. Sipingi. Akawauguze watu."

Hakimu akakubali ombi. Charmaine hakusubiri, alichukua mkoba wake akatoka, na Renita hakumfuata.

Kwenye korido Lavelle alimkuta ameegemea ukuta, machozi yakimtiririka.

"Hongera," akasema taratibu.

"Usinipongeze. Niambie kwa nini ulidanganya. Na usiseme ulikuwa unanilinda."

"Niliona aibu. Mama aliponitazama, niliona aibu juu yako. Nimejichukia tangu siku ile."

Renita akafuta machozi kwa kiganja. "Hilo limeniuma. Lakini ndilo nililolijua tangu garini, nikawa nangoja ulitamke." Akamtazama. "Umekonda."

"Silali. Renita, nataka kukuoa. Najua si mahali pake..."

"Kweli si mahali pake. Uliza tena nikishatulia." Lakini akamshika mkono. "Kuna nini? Mbona unachungulia dirishani?"

"Mama yuko chini kwenye gari. Amekuja kukuomba radhi. Sijamwambia ulichofanya."

Wakashuka. Mama Ernestine alianza kushuka garini, kofia mkononi, maneno ya radhi tayari mdomoni. Renita akamrudisha kwa upole, akafungua mlango wa mbele.

"Lavelle, kaa nyuma."

Akaingia, akafunga mlango. "Mama, nimekusamehe. Nina jambo la kukusimulia. Sheria hainilazimishi tena kumwambia mtu, lakini wewe nataka ulisikie kutoka kwangu. Yupo mwanamke anaitwa Charmaine."

Mama Ernestine akazima gari, akamgeukia.