Mama wa Ukurasa wa Kumi na Moja

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na mtaa wa vitabu wa Appa Balwant Chowk, pale Pune, India, haukuwa na pa kutia mguu. Wazazi wanasukumana, mvua inawacharaza, muuzaji anafoka kwamba hana mikono minane. Annelies Verbruggen alikuwa katikati ya vurugu hiyo, kanzu yake fupi ya buluu imelowa chapachapa, ndipo kitabu cha darasa la tatu kilipomponyoka na yeye mwenyewe akakikanyaga.

Mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililochafuka wino akainama, akakigusa kitabu, kisha akagusa paji la uso wake.

"Kwa nini umefanya hivyo?" Annelies akauliza papo hapo.

"Makubwa! Umekanyaga wewe, naomba radhi mimi, na bado unanihoji?"

"Najua ni kwa heshima ya Saraswati, mungu mama wa elimu. Nauliza wewe ulifikiri nini."

"Nilifikiri, dada huyu macho mazuri, miguu haina adabu."

Annelies akacheka mpaka akasahau kudai chenji. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu huko Ubelgiji, ameusoma Uhindu nusu ya maisha yake, na sasa alikuwa akichunguza jinsi vitabu vya shule vinavyomwambia mtoto yeye ni nani. Yule bwana, Nachiket Phadnis, alisema tu kwamba anachora. Walipokaa kunywa chai, Annelies akafungua ukurasa wa kumi na moja, "Familia Yetu". Mama amesimama jikoni, baba anasoma gazeti, mtulasi, mmea mtakatifu wa Wahindu, uko mlangoni.

"Tazama uongo huu!" akasema. "Mtoto asiye na mtulasi kwao ajione wapi?"

Nachiket akapaliwa na chai. Ukurasa ule aliuchora yeye, na hakusema. Ukimya huo ulikuja kumtokea puani.

Wakapendana, na mapenzi yenyewe yalikuwa ya kuudhi. Nachiket akisifia sari, Annelies anauliza kwa nini ile rangi. Akimwita "laazizi", yeye anawasha kinasa sauti. Hata hivyo Nachiket aliamua kumjulisha kwa mama yake, na siku aliyoichagua ni ile ya mhadhara wa Annelies mjini; akaja na mama ukumbini. Wakishamaliza kupiga makofi, alijiambia, nitawakutanisha. Kumbe Annelies akauonyesha ukurasa wa kumi na moja ukutani, mkubwa kama mlango, na ukumbi mzima ukamcheka yule mama wa jikoni. Nachiket akamshika mama yake mkono, wakatoka.

Simu ikalia jioni ile ile.

"Umeniacha ukumbini kama mzigo wa stendi!"

"Yule mliyemcheka ni mama yangu, Annelies. Nimemchora mimi. Mwenye gazeti ni marehemu baba. Na mama alikuwepo pale, kavaa hariri yake ya kijani, amekuja kukuona wewe."

"Siku zote hizi nausema ukurasa huo, na wewe kimya?"

"Ningesema saa ngapi? Nikifungua mdomo unanirekodi! Mimi ni mpenzi wako au ni sampuli ya utafiti?"

"Mama nitampigia magoti. Lakini picha siiombei radhi. Rukhsar, mtoto wa Kiislamu wa darasa la tatu, aliniuliza nyumba yao iko ukurasa gani. Mjibu wewe!"

"Basi kaa na ukurasa wako." Akakata.

Wote wawili walikuwa na haki, na hakuna ugomvi unaochosha kama huo. Annelies alipopiga, Nachiket hakupokea. Nachiket alipopiga, Annelies alikuwa kikaoni. Kamati ya vitabu vya shule, baada ya mhadhara ule, ikampa Nachiket ukurasa ule auchore upya, akachora na kuchana, akachora na kuchana. Annelies naye akaanza kufunga mizigo ya kurudi kwao, huku akilitukana kila sanduku lililokataa kufungika.

Mvua zikaisha. Kesho yake ikiwa Dasara, sikukuu ambayo Wahindu hufanyia ibada vitabu na zana za kazi, simu ya Annelies ikalia.

"Annelies ni wewe?"

"Ndiyo, mama. Nani mwenzangu?"

"Yule wa jikoni. Kesho asubuhi lete vitabu vyako na hicho kidude chako cha kunasia sauti, tuvifanyie ibada pamoja na vyetu. Na uvae ukavalika."

Akafika na sari ya manjano iliyofungwa kwa taabu. Mama yule, Bi. Vasudha, akapokea vitabu na kinasa sauti, akavipanga mbele ya picha ya Saraswati pamoja na penseli na brashi za mwanawe, akavitia unga mwekundu na maua. Siku hiyo vitu hivyo haviguswi mpaka kesho yake. Nachiket akatoka chumbani, akamwona Annelies, uso ukakunjamana.

"Umekuja kutafiti?"

"Nimeitwa!"

"Nyamazeni," Bi. Vasudha akasema. "Mmenigombania msimu mzima na hakuna aliyeniuliza mimi. Nachi, nilifanya kazi kituo cha simu mpaka nikastaafu. Chai ya asubuhi humu ndani alipika nani?"

"Baba."

"Gazeti?"

"Wewe. Baba ulimwachia kurasa za kriketi."

"Sasa mbona umenisimamisha jikoni miaka yote hiyo? Miguu inaniuma!"

Nachiket akainamisha kichwa. "Hakuna aliyeniagiza, mama. Nilishika penseli, nikachora familia kama ilivyokuwa kitabuni nilipokuwa mtoto. Hata sikukumbuka yetu."

Sentensi hiyo Annelies alikuwa ameitafuta nchi nzima. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kinasa sauti.

"Thubutu!" Bi. Vasudha akamkemea, na mkono ukarudi.

Annelies akapiga magoti. "Mama, niliwafanya watu wakucheke. Nisamehe."

"Picha ilichekesha. Mimi mwenyewe nilicheka. Huyu ndiye aliyenitoa nje kabla sijasikia mwisho." Akachukua gazeti lake akaketi. "Na hili si kitabu, msinitazame."

Nachiket akageukia penseli zake, akakumbuka haziguswi, akashusha pumzi kwa hasira. "Nilitaka kukuchorea kitu."

"Niambie."

"Mimi si mtu wa maneno."

"Mimi leo si mtu wa kuandika. Sema, hakuna anayerekodi."

"Kwenye ukurasa mpya baba anamimina chai, mama yuko na gazeti. Mlango wa jirani ni wa kina Rukhsar. Na mimi nimekaa, pembeni yangu kuna kiti. Nimekichora kitupu mara nyingi, kila mara nachana karatasi."

"Nachi, unanisimulia picha au unaniuliza?"

Akachukua jani la apta, lile ambalo Dasara watu hupeana kama dhahabu, akamtilia kiganjani. "Nakuuliza. Utaolewa na mimi?"

"Mjibu, binti," gazeti likasema. "Chai inapoa."

Annelies akaitikia kwa kichwa, akaligusa lile jani, kisha akagusa paji la uso wake. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Kwa nini umefanya hivyo?" Nachiket akauliza.

"Sijui," akasema profesa.