Logi Iliyozimwa

Mwanzoni Kemilembe alidhani ni mvua inakuja. Harufu ya migomba iliyokatwa punde ilijaa ofisini kwao Bakoba, mchana kweupe, madirisha yote yamefungwa. Kisha mstari mmoja ukajiandika kwenye kioo cha seva.

*Joviana anaita.*

"Kaka Buberwa," alinong'ona, "umewasha logi ya seva?"

"Niiwashe ya nini?" Bosi wake hata hakugeuka.

Kweli, yeye ndiye aliyeizima. Walikuwa wametengeneza programu ya Java ya kuitia gari: mjamzito wa vijijini Muleba akibonyeza namba, dereva wa karibu anapata ujumbe. Kemilembe alitaka mafaili mawili ya kuongoza logi, kumbukumbu ambamo programu huandika inachofanya na inapokosea. La kompyuta ya majaribio lieleze kila hatua. La seva inayotumiwa na watu linyamazie mambo madogo, lakini liandike kila kosa. La majaribio liliachwa liropoke. Kwenye la seva Buberwa aliandika neno moja tu, zima.

"Wafadhili wanachungulia pale," alisema. "Unataka waone makosa yetu?"

Joviana, mmoja wa wajawazito hao, alibonyeza namba alfajiri ya mvua. Ujumbe ulikwama, kosa halikuandikwa, hakuna aliyejua. Alifia mgombani, mtoto akiwa bado tumboni. Mumewe, Protase, alikuja ofisini na simu ya marehemu, akawaonyesha alivyoita na kuita.

"Pole, mzee wangu. Lakini kwetu hakuna kosa lililoandikwa," Buberwa alimjibu, amekaa.

Protase aliigeukia seva. "Basi ataandika mwenyewe," akasema, akatoka.

Sasa mistari ilikuwa ikishuka. *Joviana anaita. Joviana anaita.* Kemilembe alifungua faili. Neno lilikuwa palepale, zima.

"Chomoa!" Buberwa alifoka, kisha akachomoa mwenyewe. Feni ya seva ikanyamaza. Kioo hakikuzimika.

*Lilian anaita.*

Lilian alikuwa mke wa Buberwa, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imetimia. Kemilembe alipojifungua, Lilian ndiye aliyekuja kumwogeshea mtoto kila asubuhi, na hadi sasa alikuwa akimletea ndizi zilizopikwa, ebitoke vya moto, hapo ofisini akimtania, "Kula, mnakula wawili."

"Simu yangu haijalia," Buberwa alisema kwa sauti ndogo. Akaichukua, akampigia mkewe, akapiga tena, na simu haikutoa hata mlio, ilikuwa kimya sikioni kama jiwe, huku mistari ikizidi kushuka na harufu ya migomba ikichanganyika na harufu ya damu mpaka Kemilembe akahisi maziwa yanamtoka na kulowesha blauzi, ingawa mwanawe alikuwa mbali, nyumbani Nyanga.

Alipiga magoti mbele ya kioo.

"Waitu, dada yangu Joviana, Lilian hakukukosea. Huyu ndiye aliyenishikia mwanangu. Tafadhali, mwache."

Mistari ikasimama. Kisha ukashuka mmoja, polepole.

*Mama tu nitamwacha.*

Walikimbia na bodaboda hadi nyumbani kwa Buberwa, Nshambya, mlango wa ofisi wakauacha wazi. Lilian alikuwa amekaa kizingitini, simu mkononi, kanga imelowa.

"Nimekupigia, Buberwa. Nimekupigia mpaka vidole vimekufa ganzi."

Jua lilikuwa halijazama mtoto alipozaliwa hospitalini, wa kiume, mwekundu, mwenye nguvu. Mkunga alimsugua mgongo. Mtoto akakunja ngumi, kifua kikapanda, kinywa kikafunguka wazi. Sauti haikutoka.

"Mapafu mazima," mkunga alinong'ona. "Anapumua vizuri. Sijawahi kuona hivi."

"Mbona halii?" Lilian aliuliza. "Buberwa, mbona mwanangu halii?"

Buberwa aligeukia ukuta.

Kemilembe alirudi ofisini kufunga mlango. Waya wa umeme ulikuwa sakafuni, palepale walipoutupa. Alisimama mlangoni, mkono kifuani, hakuthubutu kuingia, maana kioo kilikuwa kinawaka na mistari ilikuwa inashuka bila kupumzika.

*Mtoto analia. Mtoto analia. Mtoto analia.*