Jedwali Tupu Bombani

Kila alfajiri, kabla kengele ya shule haijalia, Gervas alipita bombani Kitangari na kuyatazama mawe kwa dharau. Yalipangwa mstari kutoka bombani hadi barabarani, kila jiwe likishika nafasi ya ndoo ya familia moja. La mama yake lilikuwa jekundu, lenye ufa katikati. Mbuzi akipita, au mtoto akipiga jiwe teke, mstari uliharibika na kina mama wakaanza kurushiana maneno. Juzi tu mama yake alirudi na ndoo iliyopasuka katika ugomvi wa aina hiyo.

"Watu wazima wanapanga foleni kwa mawe," alimwambia Isabela, mwanafunzi mwenzake wa darasa la saba. "Huko duniani watu wanatumia kompyuta."

"Kwani wewe unaishi wapi?" Isabela alimuuliza.

Katika klabu ya kompyuta hakuna aliyechapa haraka kama Gervas, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau jambo hilo. Alikuwa ametengeneza ukurasa wenye visanduku viwili: saa ya kuanza zamu za maji na saa ya kumaliza. Ukijaza na kubonyeza "Tengeneza", ukurasa ulichora jedwali wenyewe, mstari mmoja kwa kila saa, na kila saa ikipewa kundi lake la nyumba. Mwalimu Nurdin, msimamizi wa klabu, alikuwa amekubaliana na kamati ya maji kwamba ukurasa ukifanya kazi, mawe yataondolewa.

Isabela aliomba aujaribu. Gervas akamjibu kwamba mtu anayebonyeza herufi mojamoja kama kuku anayedonoa mtama hana la kumfundisha. Mwalimu alipouliza kama ukurasa umejaribiwa, akasema umejaribiwa sana. Alikuwa ameujaribu kweli, lakini kila mara kwa namba zilezile, nane na kumi na mbili, na kila mara akajipongeza.

Ijumaa kamati ilikuja shuleni, na kina mama wengine wakafuata, mama yake Gervas akiwa miongoni mwao. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mama Isabela. Gervas alimwamkia shikamoo haraka haraka, kama anayelipa deni, akamwonyesha pa kujaza.

Maji ya Kitangari hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri na kufungwa saa tatu asubuhi. Mama Isabela akaandika 11, akaandika 3, akabonyeza. Kichwa cha jedwali kikatokea. Chini yake hapakuwa na kitu.

Gervas akacheka kwa pua. "Mama, kwenye kompyuta saa kumi na moja alfajiri ni tano. Hata simu yako inaonyesha hivyo." Akafuta, akaandika 5 na 9. Mistari ikajipanga: saa 5, saa 6, saa 7, saa 8.

Mama mmoja wa nyuma akaisoma kwa sauti. "Saa tano mimi niko shambani naokota korosho. Hayo maji atachota nani, mbuzi?"

Chumba kizima kikacheka. Gervas akapandwa na hasira. "Tatizo si ukurasa," alisema. "Tatizo ni watu wasiojua saa."

Kicheko kikakatika. Mama yake akainamisha macho, akaitazama mikono yake. Mama Isabela akainuka taratibu. "Mwalimu, tunashukuru. Tutaendelea na mawe yetu. Jiwe halitutukani."

Walipoondoka, Mwalimu Nurdin hakugomba. Alimwambia Gervas asome kwa sauti maagizo aliyoiandikia kompyuta.

"Anza na saa ya kuanza," Gervas alisoma. "Maadamu ni ndogo kuliko saa ya kumaliza, ongeza mstari, kisha ongeza saa moja."

"Kumi na moja ni ndogo kuliko tatu?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi kompyuta ilikutii. Haikupata sababu ya kuandika hata mstari mmoja. Sasa niambie, nani asiyejua saa hapa?"

Gervas akazima kompyuta, akatoka. Jioni, alipomwona mama yake akirudisha jiwe jekundu kwenye mstari, moyo ulimuuma kuliko kiboko. Siku ya klabu ilipofika alimwendea Isabela, akamwomba aujaribu ukurasa.

"Kuku amekuja kudonoa," Isabela alisema, akavuta kiti.

Ni yeye aliyeuliza, "Ikifika kumi na mbili, inakwenda wapi?" Gervas akaagiza kwamba baada ya kumi na mbili ifuate moja, na mistari ikome ikikutana na saa ya kumaliza. Alidhani kazi imekwisha. Isabela akaandika 30, na kompyuta ikaganda, ikitafuta saa isiyokuwepo. Akaacha kisanduku kitupu, jedwali likavurugika. Gervas aliuma meno, akarekebisha. Ukurasa ukaanza kusema kwa adabu: "Tafadhali andika saa kuanzia 1 hadi 12."

Kamati iliporudi, Gervas alianza yeye. "Mama zangu, nisameheni. Asiyejua saa nilikuwa mimi."

Mama Isabela akaketi mbele ya kompyuta. Aliandika 11, akaandika 3, akabonyeza. Saa 11, saa 12, saa 1, saa 2, kila moja na kundi lake. Akasoma jedwali lote, kisha akalisoma tena, ndipo akatikisa kichwa kukubali.

"Gervas," alisema Mwalimu Nurdin, "anayewaandalia watu chombo lazima kwanza awasikilize wanavyosema na wanavyoishi. Ukimdharau atakayekitumia, utamtengenezea upuuzi, halafu utamlaumu yeye. Na usiseme umejaribu kazi yako kama umejaribu tu pale unapojua haitakosea."

Kesho yake alfajiri Gervas alimkuta mama yake bombani. Ndoo yake ilikuwa imejaa, na hakuna aliyegombana naye. Mama akaliokota jiwe jekundu, akampa mwanawe.

"Lipeleke nyumbani," alisema. "Litazuia mlango."